Mbwa amepona, kupe wangali ukutani

Kila mvua zinapoanza hapa Lubumbashi, wanaotunza mbwa waliookotwa hutuletea swali lilelile: mbwa alipigwa sindano akapona, mbona amelala tena na hata bukari (ugali) anaikataa? Dawa ilikuwa mbovu? Mara nyingi dawa haina kosa. Mbwa alirudishwa penye kupe walewale waliomwambukiza ugonjwa.

Kupe wa kahawia haishi mwilini mwa mbwa siku zote. Hunyonya mara tatu tu maishani: akiwa mdogo sana, akiwa amekua kidogo, kisha akiwa mzima. Kila akishiba huanguka na kujificha kwenye ufa wa matofali au nyuma ya mbao za banda. Humo jike mmoja aweza kutaga mayai hadi 4,000, na kupe mzima mwenye njaa aweza kungoja zaidi ya mwaka. Ukiona kupe watano kwa mbwa, jua kwamba walio wengi wako ukutani. Kituo ambamo mbwa 40 hulala wamebanana huwalisha wote.

Kupe hao huingiza vijidudu katika damu. Babesia hupasua chembe nyekundu: ufizi hugeuka mweupe, mkojo huwa mweusi kama kahawa, na mbwa aweza kufa ndani ya siku chache. Ugonjwa huo angalau unaonekana. Ninaouogopa zaidi vituoni ni erlikia. Huanza kwa homa, tezi kuvimba, pengine damu puani, halafu hutulia. Mbwa anakula, ananenepa, anacheza na watoto, huku kijidudu kimejificha mwilini kwa miezi, hata miaka, na kupe wanakichukua kwake kuwapelekea wenzake. Wengine mwishowe uboho wao hushindwa kutengeneza damu, na hapo kuokoa ni vigumu sana.

Kwa hiyo mbwa mgeni asichanganywe na wengine siku ya kwanza, hata akiwa mzuri namna gani. Apewe dawa ya kuua kupe, atengwe wiki chache, apimwe damu. Tone la damu ya sikioni chini ya hadubini huweza kuonyesha babesia, lakini erlikia iliyojificha mara nyingi haionekani hivyo. Mwombeni munganga wa wanyama kipimo cha kingamwili pia, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kijidudu.

Erlikia hutibiwa kwa doksisiklini, kwa kawaida siku 28. Wengi huacha siku ya 5 kwa kuwa mbwa ameanza kula. Tafadhali msiache. Na aspirini ya watu msimpe kabisa: ugonjwa umekwisha kupunguza chembe za kugandisha damu, aspirini humzidishia kutokwa damu. Sindano pia, kila mbwa na yake, hata siku ya chanjo yenye foleni ndefu, maana damu iliyobaki ndani yake yaweza kubeba vijidudu.

Kisha banda. Zibeni nyufa kwa simenti, chomeni matandiko ya zamani, watoeni mbwa kwanza, halafu nyunyizeni dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo mpaka juu karibu na bati, kwa sababu kupe huyu hupenda kupanda. Rudieni baada ya wiki chache, mayai yakishaanguliwa. Dawa ya shamba msimmwagie mbwa, inaweza kumuua. Kupe mnayemng'oa msimpasue kwa kucha. Mtumbukizeni katika alkoli.