Kichocheo cha Nikeli Kilichochakaa si Chuma Chakavu cha Kawaida

Tangu kampeni ya taka za kemikali ianze, wafanyabiashara wa vyuma chakavu wamekuwa wakituuliza sisi tunaokagua shehena: kwa nini mnazuia shehena ya kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali) "kilichotumika kidogo tu", wakati shuleni tulifundishwa kuwa kichocheo hakiishi? Tunaamini wengi mnauliza kwa nia njema.

Ni kweli hakiliwi na mmenyuko. Kuchakaa kinachakaa. Katika viwanda vya amonia na methanoli, mfano Sur na Salalah kule Oman, methani na mvuke hupitishwa kwenye kichocheo, yaani nikeli iliyoshikizwa juu ya alumina (oksidi ya alumini), ndani ya mabomba yenye joto la nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi, ili kupata hidrojeni. Nikeli huanza kulegea karibu nyuzi 590, hivyo chembe zake husogeleana na kuungana, na eneo la kufanyia kazi hupungua. Salfa, hata kidogo sana, hung'ang'ania juu ya nikeli. Ndiyo maana gesi husafishwa kwanza kwa oksidi ya zinki.

Msumbufu zaidi ni kaboni. Mvuke ukipungua, nyuzinyuzi za kaboni huota chini ya chembe ya nikeli, huing'oa ilipokaa, kisha hupasua kipande kizima kikawa vumbi. Bomba huziba. Fundi akichungulia kwenye tundu la tanuri huona mkanda mwekundu uking'aa kwenye bomba. Kaboni yaweza kuondolewa kwa mvuke. Chembe zilizokwisha kuungana hazitengani tena.

Baada ya miaka kadhaa kichocheo hutolewa bombani, na hapo ndipo "kidogo tu" inapoleta maafa. Nikeli ambayo haijatulizwa, yaani haijaoksidishwa polepole juu yake, hujiwasha ikikutana na hewa. Ikipoa chini ya nyuzi 200 hivi huku kaboni monoksaidi ingalimo, hutokea nikeli kabonili, gesi inayoua. Vumbi la oksidi ya nikeli nalo husababisha saratani. Dalali anayepakia kwa sepetu bila barakoa hayajui haya, au anajua na hasemi.

Sasa utaratibu. Mnatukumbusha kila mara kwamba Mkataba wa Basel, wa kimataifa kuhusu usafirishaji wa taka hatari, unataja vichocheo vya nikeli kwenye orodha ya taka zisizo hatari. Unavitaja, kwa sharti kwamba havina sifa za hatari, kwa hiyo tunadai vipimo vya maabara kwa kila shehena. Vikionyesha hatari, Mkataba wa Bamako, wa nchi za Afrika kuhusu taka hatari, ambao Tanzania ni mwanachama, unakataza kuingiza taka hiyo kutoka nchi isiyo mwanachama, na Oman si mwanachama. Hapo hakuna kibali cha kuomba. Ni kosa la jinai. Kosa likiwa la aliyeutuma mzigo, chini ya Basel nchi iliyotuma hutakiwa kuhakikisha mzigo unarudishwa ndani ya siku 30 baada ya kuarifiwa. Hati ya dalali iliyoandikwa "mabaki ya nikeli" si cheti cha maabara, hata ikiwa na mihuri mitatu.