Mafuta ya asili baada ya kupandikiza nywele: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ni ya asili, hayawezi kudhuru." Nianze na hili kwa sababu ndilo linaloponza wengi. Kichwa kilichotoka kupandikizwa nywele kina matundu mamia, mara nyingi maelfu, na kila tundu ni kidonda kibichi. Mafuta mazito kama ya nazi au ya mbarika yakipakwa hapo hugandamana na vigaga, huziba vinyweleo na huweza kuleta vipele vya usaha. Mafuta makali kama ya rozimari au peremende yasipozimuliwa huchoma ngozi, nayo ngozi inayowasha hukunwa. Siku za mwanzo ukucha mmoja unatosha kung'oa kipandikizi, na kikishatoka hakirudi.

Hata usipokuna, kupaka mafuta kwenyewe ni kusugua. Vipandikizi hushika vizuri baada ya siku 10 hivi. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi huelekezwa kupuliza maji ya chumvi ya hospitali na kuosha kwa shampuu laini: povu linawekwa juu taratibu, viganja vinagusa na kuinuka, vidole havizungushwi. Daktari wako akikupa losheni au mafuta yake ya kulainisha vigaga, fuata yake, si ya jirani.

"Mafuta yanalisha mizizi ishike haraka." Hapana. Mzizi uliopandwa hufyonza kwanza majimaji ya nyama inayouzunguka, kisha mishipa midogo ya damu inaungana nao. Chakula chake kinatoka chini. Ukitaka kuusaidia, acha sigara, maana hupunguza damu inayofika kwenye ngozi.

Kuna na hili: "Nywele mpya zinaanguka, niongeze mafuta." Naielewa hofu hiyo, hasa kwa mtu aliyesubiri miaka kuziona. Lakini katika wiki za mwanzo nywele nyingi zilizopandwa huanguka huku mzizi ukibaki ndani umepumzika. Huanza kuchipua mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo kamili huchukua takriban mwaka. Hakuna mafuta yanayoruka hatua hiyo.

Wanaotetea rozimari hutaja utafiti wa mwaka 2015 ulioyalinganisha na minoksidili (dawa ya kupaka ya kuotesha nywele) ya asilimia 2 kwa miezi 6, matokeo yakakaribiana. Ni kweli ulifanyika, ila kwa watu wenye upara wa kurithi, si kwa vichwa vyenye vidonda vya upasuaji.

Wala si kweli kwamba mafuta yamepigwa marufuku milele. Vigaga vikiisha na ngozi ikifunga kabisa, muulize daktari aliyekupasua. Wengi huruhusu baada ya wiki kadhaa. Mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini kwenye unywele, na hiyo ni faida ya haki. Anza na kidogo, sehemu ndogo, uone ngozi inavyopokea. Ukiona usaha, homa au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usipake chochote. Rudi kwa daktari siku hiyohiyo.