"Ni malaria, dokta": dhana zinazotuharibia rejista ya waliozidisha unga (heroini)

Wiki hii tena. Kijana kaletwa usiku na bajaji kutoka Ngarenaro, midomo imeshakuwa ya bluu, mboni zimesinyaa zimebaki vinukta, pumzi inakuja mara moja moja na mkoromo. Namuuliza dada yake katumia nini. "Ni malaria, dokta." Tunamvua suruali, kete ya unga inadondoka sakafuni.

Dhana: ukisema kazidisha unga, jina linaenda polisi.
Hii nimeisikia hadi nimechoka. Rejista yenye jina inabaki kituoni. Kinachopanda wilayani hadi wizarani kupitia MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ni jumla ya mwezi: wangapi, umri gani, wanaume au wanawake, tatizo gani. Mkinificha, kwanza mnanipotezea dakika: nahangaika na kipimo cha malaria na sukari wakati mtu anaacha kupumua. Pili, kwenye hesabu huyo kijana hayupo. Kituo kinachoandika sifuri kila mwezi kitajengaje hoja ya kuongezewa naloksoni? Dawa hiyo humrudishia mtu pumzi ndani ya dakika chache, ila nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na heroini iliyobaki mwilini inaweza kumzamisha upya. Kwa hiyo akizinduka na kudai kuondoka, naombeni mnisaidie kumzuia.

Dhana: kuhesabu waliozidisha ni kuchezea hela ya serikali.
Marekani, CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, inazipa idara za afya fedha kwa kazi hiyohiyo tangu 2019. Mwaka 2023 zilipata idara 90, za majimbo, miji na kaunti, zikusanye taarifa za vyumba vya dharura na za vifo, kisha kinga ipangwe kwa kuzifuata. Huwezi kupeleka msaada mtaa usioujua.

Dhana: katoka soba hausi (nyumba ya kuachia unga), yuko salama.
Hapana. Mwili umeshasahau dozi. Akirudia kipimo chake cha zamani, hicho hicho kinaweza kumuua.

Dhana: mnyweshe maziwa, mmwagie maji.
Acheni kabisa. Asiye na fahamu ukimnywesha, maziwa yanaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mmoja akae anaangalia pumzi, mleteni.

Mkifika mlangoni niambieni katumia nini, saa ngapi, na kama alichanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Aliyemuuzia simuulizi.