Maana ya anjiojenesisi: mshipa wa damu unapoota

Neno "mshipa" tumelibebesha mzigo mkubwa. Mtu akisema mshipa umemshika, huenda ni msuli wa shingo. Mishipa ya fahamu nayo ni mishipa, na hata ugonjwa wa ngiri wengine huuita mshipa. Hapa nazungumzia mishipa ya damu tu, hasa ile myembamba kabisa, kapilari, ambayo ukuta wake ni tabaka moja la seli. Anjiojenesisi ni kuota kwa mishipa hiyo: chipukizi huchomoza kwenye mshipa uliopo, hurefuka, hupata uwazi ndani, huungana na jingine, na damu ikaanza kupita.

Kwa mtu mzima jambo hili hutokea kwa nadra. Seli zilizotandwa ndani ya mishipa hukaa muda mrefu sana bila kugawanyika. Huamka pale kidonda kinapopona, mji wa mimba unapojijenga upya baada ya hedhi, au kondo la nyuma linapokua. Nani huziamsha?

Ni seli zinazokosa hewa. Oksijeni haifiki mbali kutoka kwenye kapilari, sehemu moja au mbili tu za kumi za milimita. Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwepo, protini hii huvunjwa kila inapotengenezwa. Ikipungua, HIF hubaki, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni kadhaa. Gregg Semenza, William Kaelin na Peter Ratcliffe walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019 kwa kufumbua mambo haya. Moja ya jeni zinazowashwa ndiyo inayotengeneza VEGF, protini inayotoka nje ya seli na kusambaa hadi kwenye mshipa wa jirani.

VEGF haiingii ndani ya seli za mshipa. Hubisha hodi. Juu ya seli hizo kuna vipokezi, nusu nje, nusu ndani. VEGF hushika viwili na kuvivuta pamoja, na sehemu zao za ndani zikikaribiana hubandikana fosfeti, vipande vidogo vya kikemia vyenye fosforasi. Fosfeti hizo huamsha protini nyingine, nayo huamsha nyingine, mpaka habari ifike kwenye kiini: gawanyika, usife, legeza mshiko wako na jirani, songa kule VEGF iliko nyingi. Seli inayotangulia huzizuia za pembeni yake zisitangulie nazo. Bila nidhamu hiyo tungepata kichaka badala ya mshipa.

Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Boston, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kuzidi milimita chache bila kujiotesha mishipa, kwa hiyo ukizuiwa kuiotesha utadumaa. Wengi walimtilia shaka. Hakuna aliyekuwa ameishika hiyo protini inayoita mishipa. Aliyekuja kuisafisha na kuipa jina VEGF ni Napoleone Ferrara, mzaliwa wa Catania, Sicily. Akiwa San Francisco alikuwa ameona kwamba maji yaliyolelewa seli za tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo) ya ng'ombe huzifanya seli za mishipa zigawanyike. Alipoingia kampuni ya Genentech mwaka 1988 aliajiriwa kwa kazi nyingine, lakini hakuyaacha yale maji, na mwaka 1989 yeye na wenzake wakatangaza protini na jeni yake. Kumbe ilikuwa ileile ambayo Donald Senger na Harold Dvorak waliieleza mwaka 1983, wakaiita kwa tabia yake nyingine: kuifanya mishipa ivuje.

Mwaka 1993 kundi la Ferrara lilionyesha kwamba kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoinasa VEGF hudumaza uvimbe wa saratani za binadamu uliopandikizwa kwa panya. Mwaka 1996 ikaonekana kwamba kiinitete cha panya kikipoteza nakala moja tu kati ya mbili za jeni hiyo, hufa. Kutokana na kingamwili ile ikatengenezwa dawa ya bevacizumab, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Haikuwa muujiza: katika utafiti uliofungua njia, wagonjwa waliopata dawa hiyo pamoja na kemotherapi waliishi miezi 20.3 kwa wastani wa kati, dhidi ya 15.6 kwa wenzao.

Kwa maoni yangu, mafanikio makubwa zaidi yako kwenye jicho. Kisukari huziba kapilari za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga; retina hukosa hewa, huita kwa VEGF, na mishipa inayoota huwa dhaifu na yenye kuvuja. Sindano ndogo ya miligramu 1.25 ndani ya jicho huizuia VEGF hiyo, na bevacizumab imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya macho.

Tatizo ni kwamba VEGF ya kidonda na ya saratani ni moja. Dawa inayopitia mshipani huzinasa zote, ndiyo maana mgonjwa wa saratani aliyefanyiwa upasuaji mkubwa haanzishiwi bevacizumab mpaka siku 28 zipite na mshono uwe umepona kabisa.