Kuba nchini Angola: je, Moscow ndiyo iliyotoa amri?
Kwa miaka mingi imesemwa kwamba wanajeshi wa Kuba waliokwenda Angola mwaka 1975 walikuwa vibaraka tu, waliotumwa na Umoja wa Kisovieti. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa silaha zao zilikuwa za Kisovieti na uchumi wa Kuba uliutegemea sana msaada wa dola hilo. Lakini anayekulisha si lazima awe ndiye anayekupangia safari.

Majeshi ya makaburu wa Afrika Kusini yaliivamia Angola Oktoba 1975 na kusonga kwa kasi kuelekea Luanda, wiki chache kabla ya uhuru wa tarehe 11 Novemba. Wakufunzi wa Kuba, waliokuwa wamekwisha kufika kwa ombi la MPLA, chama cha wapigania uhuru wa Angola, walijikuta vitani, na baadhi yao wakauawa huko Catengue. Tarehe 4 Novemba Fidel Castro, kiongozi wa Kuba, aliamua kupeleka askari bila kushauriana na Moscow, ambayo wakati huo ilikuwa ikiyachunga maelewano yake na Marekani. Kikosi cha kwanza kilisafiri kwa ndege za abiria za Kuba yenyewe, aina ya Britannia, zilizokuwa zimezeeka. Ndege za Kisovieti zilianza kusaidia Januari 1976. Hata Henry Kissinger, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo, baadaye alikiri katika kumbukumbu zake kwamba Castro alijiamulia mwenyewe. Mwishoni mwa Machi 1976, askari wa Afrika Kusini walirudi Namibia, iliyokuwa ikitawaliwa na nchi yao.