Figo ya kupandikizwa: maswali ya kila kliniki, na hizo dawa za kuzuia mwili usiikatae ambazo mnaziacha

Swali: Kupandikiza figo ndo nini?
Figo ya mtu mwingine unawekewa wewe ambaye zako zimefeli. Inakaa chini ya tumbo upande mmoja, zile za zamani mara nyingi zinaachwa palepale.

Swali: Lilianza lini hili jambo?
1933 kule Kherson, Ukraine, daktari Yurii Voronoy alijaribu figo ya marehemu, mgonjwa akaishi siku 2. Krismasi ya 1952 pale Paris mama alimtolea figo mwanae, Marius Renard, kijana aliyeanguka kazini akaumia figo pekee aliyokuwa nayo, ile ya mama ikafanya kazi kama wiki 3 hivi kisha ikagoma na kijana akafariki. Figo ya mama mzazi jamani! Kushona mishipa walishajua, ila mwili ukaikataa na dawa ya kuuzuia haikuwepo.

Swali: Mbona wale mapacha wa Boston walipona bila dawa?
Kila mtu anawataja hawa. 23 Desemba 1954 Ronald Herrick alimpa figo ndugu yake Richard, daktari akiwa Joseph Murray, na kabla ya hapo walibandika ngozi ya mmoja kwa mwenzie ili wawe na uhakika ni mapacha wa kufanana, ikashika, yaani mwili haukuona kitu kigeni. Richard akaishi miaka 8 zaidi. Wewe una pacha wa kufanana? Huna. Basi unakunywa dawa.

Swali: Nimeshapata nafuu, niache dawa?
Hapana. Hiyo nafuu ni ya dawa. Figo ikae mwaka au miaka 10, mwili bado unaijua ni ngeni.

Swali: Nipumzike kidogo nijaribu mitishamba?
Hapana tena! Ndugu kakatwa ubavu kwa ajili yako, wewe unaenda kwa muuza mizizi, kisha unarudi dayalisisi, kwenye mashine ya kusafisha damu. Hapana.

Swali: Nitajuaje figo inakataliwa?
Mkojo kupungua, miguu kuvimba, homa, presha kupanda, maumivu pale ilipowekwa. Ila mara nyingi husikii kitu, kreatinini, ule uchafu wa damu ambao figo inatakiwa kuutoa, ndo inapanda kimyakimya, kwa hiyo usiruke kliniki, na siku ya kupima kiwango cha dawa njoo hujameza dozi ya asubuhi, ibebe kwenye mkoba umeze ukishatolewa damu. Dalili yoyote ukiiona njoo siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu.