Msanii mwenzako akichafuka: yanayosemwa Lubumbashi na ukweli wake

Kwenye redio za Lubumbashi, huku kwetu Kongo, swali hili halikosi. Kijana kutoka Katuba au Kenya (mtaa wa mjini hapa, si nchi) ameitwa studioni kutangaza wimbo wake mpya, na wimbo haujafika hata katikati mtangazaji anashusha sauti, anamsogezea simu mdomoni: "Ya, we unasema nini juu ya ile maneno ya mukubwa?", yaani kashfa ya msanii mkubwa. Kijana anacheka, anajikuna shingo, anapima. Akimkandia mkubwa, kipande hicho kitazunguka WhatsApp kabla ya jioni. Akimtetea, kitazunguka vilevile. Wimbo aliokuja nao hakuna atakayeuulizia.

Majibu yanayotolewa hapo, na ubishi unaofuata kwenye ngazi za nyumba na kwenye baa, mara nyingi yanasimama juu ya mambo ambayo si kweli.

"Wazee wetu hawakusemana hadharani"

Hii husemwa na watu wazima, tena kwa uchungu, kana kwamba rumba ilizaliwa kanisani. Walisemana sana. Miaka ya 1960 mwimbaji Kwamy aliiacha OK Jazz, bendi ya Franco, akaenda upande wa Tabu Ley Rochereau, akamtupia Franco wimbo "Faux millionnaire", yaani milionea bandia. Franco naye akajibu kwa wimbo, akauita "Chicotte", kiboko. Wote wawili walijua kuuma.

Tofauti ya zamani na sasa iko kwenye kazi. Ili umrushie mwenzako kijembe ilibidi ukusanye orkestra, upange magitaa, sauti na matarumbeta, ulipie studio, halafu wimbo wenyewe uwe mtamu, la sivyo hakuna wa kuusikiliza. Hasira ilipitia mikono ya watu wengi kabla haijafika sokoni. Mwaka 1983 Franco na Rochereau, mahasimu wa siku nyingi, wakarekodi pamoja, na mashabiki wa pande zote mbili wakacheza. Kwa hiyo mtu akiniambia vijana wakatazwe kuchokozana kwa nyimbo, simuungi mkono. Wachokozane. Mambo huharibika pale jambo lenyewe linapokuwa si la muziki.

"Kumtetea msanii mwenzako ndio umoja"

Julai 2016 Koffi Olomide, nyota wa muziki wa Kinshasa, alinaswa na kamera kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi akimpiga teke mnenguaji wake. Kenya ikamfukuza nchini, na aliporudi Kinshasa akakamatwa na kukaa ndani siku chache. Katika mabishano ya aina hii kuna sentensi isiyokosekana: sisi wasanii tulindane, nani atatulinda?

Sawa, tulindane. Lakini mwenzetu hapo ni yupi? Aliyepigwa teke naye alikuwa safarini kwenda kazini. Nendeni kwenye mazoezi ya orkestra yoyote ya mjini muone. Wanenguaji wanafika mapema, wanafagia kiwanja, wanajipasha misuli kwenye sementi bila kivuli. Hatua ambayo kesho watoto wataicheza barabarani mara nyingi imebuniwa na mmoja wao, na jina lake halitaandikwa popote. Shoo ikiisha, bahasha inaingia mkononi mwa patroni, yaani mwenye bendi, yeye ndiye anayejua imekuja na kiasi gani na ndiye anayegawa. Safari ya nje ikitokea, pasipoti ya binti inaingia kwenye faili ya patroni na kutoka humo kunategemea neno la patroni.

Halafu siku ya maneno, tunaposema "msanii", tunamhesabu aliyeshika maikrofoni peke yake. Mnenguaji anabaki "mudansezi wa fulani". Mimi umoja wa namna hiyo nauita chama cha mapatroni. Anayetaka kweli kuwatetea wenzake aanze kuuliza yule binti amelipwa, ametibiwa, na karatasi zake ziko wapi. Maswali hayo hayamhukumu mtu yeyote.

"Korti ikimwachilia, basi yote yalikuwa uongo" (na ndugu yake: "akifungwa, yote yalikuwa kweli")

Tubaki na Koffi huyohuyo, maana kesi yake ya Ufaransa imesomwa nusunusu kuliko kesi zote ninazozijua. Machi 2019 mahakama ya Nanterre ilimhukumu miaka 2 ya kifungo cha nje kwa kosa la kingono dhidi ya mnenguaji aliyekuwa na umri mdogo wakati huo. Waliomdhihaki wakashangilia, wakafunga daftari. Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya Versailles ikamwondolea mashtaka ya kingono. Waliomtetea wakashangilia, wakafunga daftari lao. Uamuzi huohuo wa Versailles ulimtia hatiani kwa kuwazuia wanenguaji wanne dhidi ya hiari yao, ukampa miezi 18, nayo ya kifungo cha nje.

Mwanamuziki aliyesema 2019 "nilijua ni mbakaji" na mwingine aliyesema 2021 "nilijua hana kosa lolote" wote wawili wamesema kisichoandikwa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho itoke. Kifungu hicho hakimfanyi anayelalamika kuwa mwongo. Watu wengi mjini hapa wanakitumia hivyo, na wanakosea.

"Anayenyamaza amekubali"

Si lazima. Mpiga solo aliyekuwepo chumbani usiku wa tukio ni shahidi, na shahidi maneno yake anampelekea hakimu kabla ya kuyapeleka TikTok. Mwingine ananyamaza kwa sababu ya mkate: ana wimbo wa kushirikiana na mkubwa uliobaki nusu, au anaishi kwa mabanga, yaani kutaja majina ya matajiri ndani ya wimbo, na tajiri wake ni rafiki wa mtuhumiwa. Huyo wa mwisho simsifu. Ila kumwita mshiriki wa kosa kwa sababu hakujibu simu ya mtangazaji ni kupitiliza.

"Ukimtetea aliyefungwa kwa wimbo, umeyakubali maneno yake"

Hapa tunachanganya mafaili mawili. Kuna msanii anayedaiwa kumuumiza mtu, na kuna msanii aliyeimba kitu kikawaudhi wenye mamlaka. Franco alifungwa 1978 kwa sababu ya nyimbo "Hélène" na "Jackie", ambazo kwa kweli zilikuwa chafu. Unaweza kusema ni chafu na papo hapo ukasema jela si mahali pake. Novemba 2021 tume ya udhibiti wa nyimbo ilipiga marufuku nyimbo za kundi la muziki la MPR na za mwanamuziki Bob Elvis. Mwezi huohuo mahakama ya kijeshi ya Beni, mashariki mwa nchi, ikampa mwanamuziki Delcat Idengo kifungo cha miaka 10 kwa nyimbo zake. Baadaye akatoka, akakamatwa tena, na Februari 2025 akauawa kwa risasi Goma.

Wengi wetu wa Katanga, upande huu wa Lubumbashi, hatukuzipenda nyimbo zake zote. Alikuwa na ulimi mkali na hakuchagua wa kumgusa. Lakini kusubiri mpaka uupende wimbo ndipo utetee haki ya kuuimba ni kuchelewa.

"Sitaji jina, kwa hiyo sheria hainigusi"

Mwimbaji Tshala Muana, mzaliwa wa mji huu huu, hakutaja jina la mtu katika wimbo wake "Ingratitude". Novemba 2020 watu wa idara ya ujasusi walimchukua, kwa kuwa wasikilizaji walisema kijembe kinamwelekea rais. Aliachiwa kesho yake. Sikubali kukamatwa kwake hata kidogo, nasema tu kwamba kutotaja jina hakukumsaidia.

Kwa mtu wa kawaida vipo vifungu viwili vya Kodi ya Adhabu, yaani kitabu cha sheria za makosa ya jinai. Kifungu cha 74 kinamhusu anayemtangazia mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo mahsusi la kumvunjia heshima: siku 8 hadi mwaka 1. Kifungu cha 75 ni cha matusi ya hadharani: siku 8 hadi miezi 2. Soma vizuri hicho cha kwanza. Hakisemi jambo lenyewe liwe la uongo. Tangu 2023 kuna pia Kodi ya Dijitali, yaani kitabu cha sheria za mtandao, kwa yanayorushwa mtandaoni. "Jamaa anaimba kama mbuzi" ni maoni. "Jamaa aliiba pesa za wanamuziki wake Likasi" ni faili polisi.

"Klashi inauza"

Klashi, yaani ugomvi wa wasanii wa hadharani, inamuuza nani? Wenge Musica, bendi ya Kinshasa, ilipopasuka mwishoni mwa 1997, JB Mpiana na Werrason walikuwa tayari na majina, nyimbo na umati, na ugomvi uliongeza mafuta kwenye moto uliokuwa unawaka. Kijana wa Ruashi, mtaa wa mjini hapa, mwenye wimbo mmoja akimtukana nyota wa Kinshasa, anayeongezewa watazamaji ni nyota. Wenzetu wa Tanzania wanaita kutafuta kiki, na kiki hailipi deni la studio.

Mashabiki nao walichukua upande wakavunja urafiki, wengine hata uchumba. Juni 2022 mapatroni wa Wenge wakapanda jukwaa moja kwenye uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa, wakakumbatiana, na tiketi ziliuzwa kwa kambi zote mbili.